Watoto 18, majiko mawili na sindano zinazopotea

SWALI

Assalaam alaykum wahusika wa safu ya ushauri.

Naishi Makorora, hapa Tanga mjini. Huu ni mwezi wa tatu mimi na jirani yangu tunawafundisha watoto wa mtaa mapishi na kushona kila Jumamosi, uani kwa mzee mmoja aliyetuazima nafasi. Tulianza na watoto saba. Sasa wako 18, wa miaka 8 hadi 13, na wavulana ni watano. Tuna majiko mawili ya mkaa, kikaango kimoja cha chapati, sufuria tatu, mbuzi moja ya kukunia nazi, cherehani kimoja cha miguu na sindano za mkono.

Mambo hayaendi. Chapati zinatoka kavu, ukiikunja inavunjika, na tumeshabadilisha unga mara tatu. Wadogo wanachoka kungoja, wanaanza kukimbizana. Wiki mbili zilizopita binti wa miaka 10 alifunua sufuria ya wali, mvuke ukamuunguza mkono. Mwenzangu akampaka dawa ya meno. Mama yake alikuja juu, na kusema kweli siwezi kumlaumu.

Upande wa kushona, uzi unajifunga mafundo kabla mshono haujafika kati, kitambaa kinajikunyata, na cherehani kimeshavunja sindano nne. Kipande cha sindano moja hatujakiona hadi leo, na silali vizuri nikikumbuka miguu mitupu ya watoto. Tena kuna baba amemtoa mwanawe, anasema hakumzaa mtoto wa kiume aje kukaa jikoni. Na kila mtoto analeta shilingi 500, ambayo haifiki popote.

Nipunguze watoto? Au niache mapishi nibaki na sindano tu?

Mlezi wa Jumamosi, Makorora

JIBU

Waalaykum salaam, dada yetu wa Makorora. Usimpunguze mtoto hata mmoja, wala usizime majiko. Karibu kila ulilolitaja linatoka mahali pamoja, nalo ni foleni. Lakini tuanze na la kuungua, maana hilo haliwezi kungoja Jumamosi ijayo.

Mtoto akiungua, mkono uende kwenye maji yanayotiririka ya joto la kawaida, bombani au kwenye mtungi unaomiminwa polepole, kwa dakika 20 kamili za saa. Yasiwe ya barafu. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Kisha funika kwa kitambaa safi, na lengelenge lisipasuliwe. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, ute wa yai, vyote hivyo hubakiza joto ndani ya ngozi, na mhudumu wa afya atalazimika kuviosha upya kwenye kidonda ndipo aone alichonacho. Kama palipoungua pamezidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au ni usoni, kwenye vidole au kwenye kiungo, maliza zile dakika 20 kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa kwa nini aliungua. Sufuria zetu hazina mikono, na mtoto akifunua hujielekezea mfuniko: huinua ukingo ulio karibu naye, mvuke wote ukamjia yeye. Mfundishe kuinua kwanza ukingo wa mbali, mfuniko ukae kama ngao kati yake na sufuria, ahesabu hadi tano, ndipo autoe. Wazoee kwanza kwenye sufuria tupu iliyo baridi, kila mmoja mara tatu. Jambo la pili ni kitambaa. Angalieni kilichoko jikoni kwenu. Mara nyingi ndicho hicho hicho kinachofutia meza, kwa hiyo ni kibichi, na kitambaa kibichi hupitisha joto upesi kuliko kikavu. Mtoto anayashika maji ya moto akidhani ameshika nguo.

Kwa sababu hiyo, Jumamosi mbili zijazo majiko yasiwashwe kabisa. Watoto wote 18 washone vitambaa vyao vya kushikia sufuria. Kazi hii itanyoosha mishono yao, itawalinda mikono, na kila mmoja ataondoka na kitu alichokimaliza mwenyewe.

Kitambaa kimoja kinataka vipande viwili vya kanga kuukuu, kila kimoja sentimita 22 kwa 22, na kipande cha taulo la zamani la sentimita 19 kwa 19 cha kuweka katikati. Viwe vya pamba tupu. Nguo yenye nailoni ikigusa chuma cha moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Kunja kingo za kanga sentimita moja kwa ndani pande zote, weka taulo katikati, piga bandi kwa mishono mikubwa ya kushikilia tu, kisha mtoto ashone kuzunguka pembeni kwa mshono wa mbele. Akimaliza, apitishe mistari miwili kutoka pembe hadi pembe ili taulo lisihame ndani. Mwisho mfumue ile bandi. Tabaka ni nene, kwa hiyo mpe kastabini, kile kikofia cha kidole cha kati, la sivyo atasukuma sindano kwa kucha na kuumia.

Kuhusu mafundo: uzi wenu ni mrefu mno. Watoto huukata mrefu ili wasitunge tena, nao uzi mrefu hujisokota kila sindano inapopita, mwishowe hujipanda wenyewe. Kipimo ni kutoka ncha ya kidole cha kati cha mtu mzima hadi kwenye kiwiko, basi. Hata huo ukianza kusokotana, mtoto aiachie sindano ining'inie. Itazunguka yenyewe mpaka uzi utulie. Kitambaa kujikunyata ni mkono kuvuta. Mtoto anaamini mshono uliokazwa ndio imara. Mwambie kila baada ya mishono minne alaze kitambaa pajani, apitishe kidole gumba juu ya mshono kutoka kwenye fundo kuelekea sindano ilipo, mikunjo ifunguke, ndipo aendelee.

Wadogo wa miaka 8 na 9 wapigieni nukta za kalamu kila sentimita moja: sindano inazama kwenye nukta hii, inaibuka kwenye ile. Wakizoea, nukta ziwe kila nusu sentimita. Uzi uwe wa rangi inayopingana na kitambaa, mwekundu juu ya nyeupe, kosa lionekane na mtoto mwenyewe bila ya wewe kulitaja.

Kipande kilichopotea mkitafute kwa sumaku. Spika ya redio mbovu ina sumaku nzuri tu, fundi redio yeyote atawapa. Itieni kwenye mfuko wa plastiki, muifunge kamba, muiburuze uani mstari kwa mstari kama mtu anayefagia. Mkiugeuza ule mfuko, vumbi la chuma na misumari vitadondoka bila kung'ang'ania sumaku. Kuanzia sasa sindano zina namba. Chukueni ubao mwembamba uliovikwa kipande cha fulana, andikeni 1 hadi 18, kila mtoto na sindano yake, na darasa halifungwi mpaka zote 18 zimerudi. Ikivunjika, vipande vyote viwili vinaletwa kwako. Anayeleta asigombezwe hata kidogo, kwani akigombezwa, wa pili atakificha mchangani.

Tukirudi kwenye foleni. Kilo moja ya unga inatoa chapati 16 hadi 18, na kila moja inakaa kwenye kikaango kama dakika mbili na nusu. Kwa kikaango kimoja hizo ni zaidi ya dakika 40, mtoto mmoja anapika na 17 wanatazama. Hao 17 ndio wanaokimbizana. Wakati huo madonge yaliyoachwa wazi yanafanya ngozi juu, na mkaa unashuka. Watu wengi hupunguza moto wakiogopa kuunguza chapati, kumbe chapati iliyokaa muda mrefu juu ya moto hafifu hupoteza maji yake yote kabla haijapata rangi. Kikaango kiwe cha moto kiasi kwamba tone la maji linaruka na kukauka papo hapo.

Kosa jingine liko kwenye kukanda, na hapa ndipo unga unapopata lawama isiyo yake. Kilo moja inataka maji ya uvuguvugu kama nusu lita na robo kikombe, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vinne vya chakula. Mwanzoni huo unga unanata vidoleni. Mtoto akiona unanata anaongeza unga mkavu, tena na tena, mpaka donge limekuwa gumu kama udongo wa mfinyanzi. Pimeni nusu kikombe tu cha unga wa kunyunyizia, kikiisha kimeisha. Mwambieni apake mafuta mikononi aendelee kukanda, dakika 10, na kunata kutakoma kwenyewe. Kisha ufunikwe na upumzike dakika 30. Usipopumzika, ukisukuma unarudi nyuma kama mpira, mtoto anakandamiza kwa nguvu, chapati inakuwa nyembamba pembeni na nene katikati.

Hata hivyo, chapati iwekeni mbali kwa sasa, mpaka mwezi wa tatu wa mpango huu kwenda mbele. Si pishi la darasa la watu wengi.

Wagawe watoto mafungu matatu ya watoto sita, kila fungu na wakubwa wawili ndani yake. Majiko yakianza kuwashwa, Jumamosi moja fungu moja liko motoni, la pili liko kwenye vibao vya kukatia, la tatu liko kwenye sindano. Jumamosi inayofuata mnazungusha. Motoni wanakuwa watatu kwa kila jiko: mmoja anakoroga, mmoja analeta vitu, mmoja anashika saa na kutaja hatua inayofuata kwa sauti. Wa vibao hawachukui zaidi ya dakika 40, wakimaliza wanajiunga na sindano. Hakuna anayengoja. Saa saba na nusu hadi saa tisa na nusu inatosha: wameshasali adhuhuri na kula nyumbani, na alasiri wataiwahi.

Mpango huu unataka watu wazima watatu, nanyi mko wawili. Mtafuteni wa tatu miongoni mwa akina mama, kwa zamu, na yule aliyekuja juu awe wa kwanza kuombwa. Mtu anayeogopea mtoto wake ndiye atakayekaa macho. Mmoja anasimama motoni na haondoki, hata akiitwa, hata simu ikilia. Siku mkiwa wawili, moto hauwashwi. Tunalisema hili kwa uzito wote.

Chora duara la chaki au majivu, hatua moja kubwa kuzunguka kila jiko. Ndani yake wanaingia wale watatu tu. Tazameni upepo kabla ya kuwasha: kusi na kaskazi havitoki upande mmoja, na watoto wakae upande upepo unakotokea, moshi na cheche ziende kwingine. Madera yafungwe kiunoni, ncha za mtandio zirudishwe nyuma ya shingo na kuingizwa ndani. Masika ikiwakuta na mvua, msiingize jiko la mkaa chumbani. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na huwalaza watu wasiamke. Siku ya mvua ni siku ya kushona vifungo vya nguo.

Pishi la kwanza liwe kachumbari, kwa sababu haina moto na inafundisha kisu. Kisu kiwe kidogo na kikali. Kisu butu huteleza juu ya ganda la nyanya na kutua kidoleni. Chini ya kibao tandikeni kitambaa kilicholowa ili kibao kisihame. Mkono unaoshikilia kitunguu vidole vikunjwe kwa ndani, kisu kiguse vifundo vya vidole na si ncha. Kitunguu kipasuliwe mara mbili kwanza, kilalie upande bapa, maana cha mviringo hubiringika. Kikikatwa, kifikichwe na chumvi na kusuuzwa, ukali wake uondoke. Mikono iwe imeshaoshwa kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi, si kwenye beseni moja la watu 18.

Wali wa nazi uje baada yake. Kilo moja ya mchele inatosha kwa sahani ndogo ndogo, na sufuria haitakuwa nzito kupita kiasi. Nazi mbili, zipasuliwe na mtu mzima, na maji yake yaonjwe: yakiwa machungu au yananuka, nazi hiyo itupwe. Kwenye mbuzi akae mwenye miaka 11 kwenda juu. Akune kwa kuizungusha nazi mkononi, akianzia ukingoni kuingia ndani, na aache mara tu anapoona rangi ya kahawia, kwa sababu hapo amefika kwenye ganda na tui litachafuka. Tena hapo ndipo meno ya mbuzi hushika na mkono ukateleza. Kamueni tui zito kikombe kimoja, mliweke pembeni. Ongezeni maji, mkamue tui jepesi vikombe saba. Jepesi lichemke na chumvi, likikorogwa muda wote lisikatike, mchele uingie. Maji yakikaribia kukauka, mwagieni tui zito, funikeni, na mtu mzima apunguze moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Dakika 15 hivi. Mchele mpya unataka maji pungufu kidogo kuliko wa siku nyingi, kwa hiyo vikombe saba vichukuliwe kama pa kuanzia tu.

Cherehani kifunikwe kwa mwezi mmoja au miwili. Kisha watoto wajifunze kukanyaga bila uzi. Wekeni karatasi ya daftari yenye mistari chini ya mguu wa cherehani, sindano kuukuu, mtoto afuate mstari. Matundu yatamwonyesha alipopotoka. Gurudumu lizunguke kuelekea kwake. Likirudi nyuma uzi husongamana chini, na mwanafunzi mpya hurudisha nyuma kila anapoanza, kwa hiyo aanze kwa kulisukuma kwa mkono. Sindano zenu zinavunjika kwa sababu watoto wanavuta kitambaa kwa nyuma. Yale meno ya chini ndiyo kazi yao kukivuta, mikono ya mtoto inaelekeza tu. Akivuta, sindano inapinda, inagonga chuma, inakatika.

Kwa yule baba, usibishane naye. Mafundi cherehani kwenye baraza za Ngamiani, hapo Tanga, wengi wao ni wanaume. Wanaosimamia masufuria ya pilau kwenye shughuli, mara nyingi ni wanaume. Wavuvi hushona nyavu zao na kutia viraka matanga kwa mikono yao. Anayajua hayo yote kuliko sisi, ila hasira zimemtangulia. Muombe mtoto arudi siku ya vifungo tu, aje na shati lake la shule.

Kifungo hicho kifundishwe vizuri. Uzi uwe maradufu, wenye fundo, uanzie upande wa nyuma wa shati. Juu ya kifungo, kati ya matundu, lazeni njiti ya kiberiti, na uzi upite juu ya njiti hiyo mara nne kwa kila jozi ya matundu. Chomoeni njiti, kivuteni kifungo juu: kitakuwa kimepata nafasi kati yake na shati. Zungusheni uzi mara nne kwenye nafasi hiyo, iwe shina, kisha ufungwe nyuma. Kifungo kilichobanwa hakina pa kukaa tundu linapopita chini yake, ndiyo maana hung'oka na kipande cha nguo. Mtoto atakwenda nacho nyumbani, kifuani, baba yake akione.

Fedha: zile 500 ziwe za mchele na uzi. Vingine watoto wavilete kutoka nyumbani kwa zamu, huyu nazi, huyu ndimu mbili, huyu kopo la mkaa, vitu ambavyo mama hashindwi kuvitoa. Mchele ndio usichangishwe kwa vikombe. Mchele wa nyumba 18 kwenye sufuria moja, mwingine unapondeka huku mwingine bado una kiini, na watoto watadhani wao ndio waliokosea.